Dakika Mbili za Kamera, Siku 29 za Mjomba

Najua, najua... niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na sasa miezi imepita. Itangoja tena. Leo nina jambo linalonikera na lisipotoka nitashindwa kulala.

Wiki iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta alinitumia tangazo la kamera ya nyuklia ya moyo. Tangazo lilijigamba kwamba picha ya mtiririko wa damu ndani ya moyo sasa inapigwa kwa dakika mbili badala ya robo saa. Chini yake rafiki akaandika: "Kaunti ingetuletea hii hapa Isiolo, tungeacha kuhangaika." Nilianza kumjibu kwa simu, jibu likawa refu, nikaona heri niliweke hapa tubishane mbele ya watu.

Kwa kifupi: dakika si tatizo letu. Kasi hiyo ni ya kweli, na ni kazi safi ya uhandisi, lakini ukiinunua ili kuokoa dakika umenunua kitu ambacho mgonjwa wa Bulla Pesa hatakiona. Ndani ya kasi hiyo hiyo kuna kitu kingine cha thamani zaidi, na hicho hakuna anayetutangazia.

Nianze na mjomba wangu. Ni mzee wa biashara ya mifugo, maisha yake yote ni mnadani na barabarani. Mwaka jana alianza kubanwa kifua kila akitembea kutoka nyumbani hadi msikitini, umbali ambao mtoto anaukimbia bila kuhema. Hapa Isiolo walimpima umeme wa moyo, wakampima damu, wakaona mambo hayaeleweki vizuri, wakampa barua ya kwenda Nairobi kufanyiwa picha ya nyuklia. Hapo hawakukosea chochote. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Tuiite siku ya sifuri (nyinyi mnaoandika programu mnajua kwa nini naanzia sifuri).

Siku ya tano, Jumanne, tulipanda matatu usiku, takriban kilomita 280 kupitia Nanyuki na Karatina. Uwanja wetu wa ndege wa kimataifa ulizinduliwa 2017, lakini sisi tulipanda matatu. Tukafika hospitali moja ambayo sitaitaja. Karani akatuambia, "Mzee, dawa haijafika, ndege imechelewa, rudini wiki ijayo." Barua ilikuwa na nambari ya simu ya mjomba kwa herufi kubwa. Hakuna aliyepiga.

Siku ya 12, tukarudi. Dawa ipo, kamera ipo, daktari yupo. Muuguzi akauliza, "Mzee, umekunywa chai leo?" Jamani, mtu ametoka Isiolo saa nne za usiku, gari limesimama Karatina alfajiri na baridi ile, utamwuliza kama amekunywa chai? Alikuwa amekunywa vikombe viwili. Kumbe kwa kuwa magoti yake hayawezi mashine ya kukimbilia, moyo wake ungetiwa kazi kwa dawa inayopanua mishipa, na kafeini inaizuia dawa hiyo isifanye kazi. Unatakiwa ukae bila chai wala kahawa saa 12 kwa uchache, vituo vingi vinataka saa 24. Hatukuwa tumeambiwa. Tukarudi Isiolo na chai yetu tumboni.

Siku ya 19 ndipo alipopimwa, moyo ukiwa kazini. Siku ya 20 akapimwa tena, moyo ukiwa umepumzika, kwa hiyo tukalala kwa jamaa Eastleigh. Nilishika saa ya simu: kamera ilimzunguka dakika 14 siku ya kwanza na dakika 14 siku ya pili. Jumla dakika 28. Majibu yakatoka siku ya 29. Katikati ya hayo waliuzwa mbuzi wawili, na mtu mmoja (mimi) akakosa mkutano wa mteja.

Siku 29 ni dakika 41,760. Kamera ilitumia 28. Ile kamera ya kwenye tangazo ingetumia, tuseme, 6. Tungeokoa dakika 22.

Mwaka 1967 mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alitoa hoja ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta huifundishwa na wengi huisahau wakipata kazi. Ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako yote haiwezi kuzidi ukubwa wa sehemu hiyo. Programu ikitumia asilimia 5 ya muda wake kupanga orodha, hata ukiifanya kupanga kwa sekunde sifuri, umepata asilimia 5 tu, basi. Ndiyo maana kabla ya kugusa kodi (sio ile ya KRA) unapima kwanza: muda unaishia wapi? Kwa mjomba, kamera ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Ukimpelekea bosi wako pendekezo la kuharakisha kipande cha namna hiyo kwa mamilioni ya shilingi, atakufukuza, na atakuwa na haki.

Sasa nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa kamera hizi. Kusema kweli nimezisoma hadi usiku wa manane kwa sababu ni utamu mtupu. Ngoja niwaeleze, kisha turudi kwenye ugomvi.

Kipimo chenyewe hakipigi picha ya mishipa. Kinauliza swali moja: je, nyama ya moyo inapata damu? Unachomwa sindano ya dawa yenye teknesiamu-99m. Dawa inafuata damu, inaingia kwenye nyama ya moyo na kutulia humo. Palipofika damu nyingi, dawa ni nyingi. Palipokauka, dawa ni kidogo. Kisha teknesiamu inatoa miale ya gama na kamera inaihesabu. Unafanya hivyo moyo ukiwa kazini na moyo ukiwa umepumzika, unalinganisha. Sehemu inayopauka wakati wa kazi na kurudi wakati wa mapumziko ina mshipa unaoishiwa nguvu. Inayopauka mara zote mbili huenda ni kovu.

Shida ni kwamba miale ya gama haipindwi na lenzi kama mwanga. Kwa hiyo mbele ya kamera ya kawaida, ile iliyobuniwa na Hal Anger huko Marekani miaka ya 1950, wanaweka bamba la risasi (metali, si ile ya bunduki) lenye vitundu vingi sana vilivyonyooka. Mwale uliokuja wima unapita. Wengine wote wanameza risasi. Na ni wengi: katika kila fotoni 10,000 hivi zinazolifikia bamba, anapita mmoja! Hebu fikiria seva inayotupa maombi 9,999 na kujibu 1, halafu unashangaa kwa nini ukurasa unafunguka polepole. Anayepita anagonga fuwele, fuwele inamulika kidogo, mirija nyuma yake inaukuza mwanga huo kuwa umeme.

Kamera mpya zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 2000 zilibadilisha vitu viwili. Kwanza, badala ya fuwele ya kumulika zinatumia mchanganyiko wa kadimiamu, zinki na teluramu, ambao unageuza mwale kuwa umeme moja kwa moja bila kupitia mwanga, na unatambua nguvu ya mwale kwa usahihi zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, ziliacha kutazama kifua kizima. GE waliunda moja yenye matundu 19 madogo yote yakielekea moyoni. D-SPECT ya kampuni ya Spectrum Dynamics ina safu 9 za vigunduzi zinazogeuka-geuka kama watu 9 wakimtazama bibi harusi mmoja. Kamera haipotezi muda kuangalia bega na mbavu. Ndiyo maana inakusanya hesabu ile ile kwa dakika chache.

Lakini sehemu inayonihusu mimi ni nyingine. Kabla hata ya kamera hizo, watu wa programu walikuwa wameshapunguza muda kwa nusu bila kubadilisha chuma chochote!

Njia ya zamani ya kujenga picha ilichukua vivuli kutoka pembe mbalimbali, ikavichuja na kuvirudisha nyuma, ikavipanga juu ya kingine. Ni haraka, lakini inadhani dunia haina kelele na vitundu vya risasi ni vyembamba kama nywele. Njia mpya inafanya kama unavyotafuta hitilafu: unakisia moyo ulivyo, unaiga kwa hesabu kamera ingeona nini kama kisio ni sahihi, unalinganisha na kilichoonekana kweli, unasahihisha, unarudia. Shepp na Vardi waliiweka sawa mwaka 1982. Hudson na Larkin, mwaka 1994, wakaonyesha kwamba ukigawa data katika mafungu na kusahihisha fungu kwa fungu unafika haraka mara nyingi zaidi. Baadaye watu wakaingiza ndani ya uigaji huo ukungu wa vitundu vyenyewe: kitu kikiwa mbali na bamba kinaonekana kimetanuka, basi iambie programu hivyo nayo itakirudisha kilivyo. Matokeo: picha ya nusu ya muda, kamera ile ile kuukuu, ubora unaolingana na wa zamani. GE wakaiita Evolution, Philips wakaiita Astonish, UltraSPECT nao wakaja na yao. Majina mengi, wazo moja.

Na wazo hilo linauzwa kwa leseni. Hesabu iliyochapishwa hadharani 1982 na 1994, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuiandika wikendi moja! Ndiyo, najua, kuandika kwa ajili ya maonyesho ni tofauti na kuandika kitu ambacho daktari atakitegemea. Kupima na kuthibitisha ni gharama halali na sitaki programu yangu ya wikendi iamue kuhusu moyo wa mtu. Lakini ipo maktaba huria inaitwa STIR, inatumiwa na watafiti miaka mingi, msimbo wake wazi. Vyuo vyetu vinafundisha vijana kutengeneza tovuti ya kuuza viatu mwaka hadi mwaka. Wawili watatu wangeweza kukaa na kamera moja ya zamani na wataalamu wa fizikia ya tiba, wakafanya kazi hiyo ya kuthibitisha hapa hapa.

Haya, sasa turudi kwenye kile kitu kilichofichwa.

Picha ya nyuklia ni kuhesabu tu. Fotoni zinakuja bila mpango, kama matone ya mvua juu ya mabati. Ukihesabu 10,000 kelele yako ni kama 100, yaani asilimia 1. Ukihesabu 2,500 kelele ni 50, yaani asilimia 2. Ubora wote uko kwenye idadi. Na idadi inatokana na vitu vitatu vikizidishwa: kiasi cha dawa, muda, na uwezo wa kamera (pamoja na ujanja wa programu) kutumia kila fotoni. Ukiongeza cha tatu maradufu una hiari. Unaweza kukata muda nusu. AU unaweza kukata dawa nusu. Ni pesa ile ile, ni wewe unachagua duka la kuitumia.

Matangazo yote yanachagua muda. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi mkubwa yuko kwenye nchi ambako foleni iko mlangoni pa kamera, na kila dakika iliyookolewa ni mgonjwa mwingine wa kulipishwa. Hiyo ni foleni yao, na wana haki nayo. Foleni yetu iko kwingine. Mnakumbuka siku ya tano? Dawa haijafika.

Teknesiamu-99m ina nusu-uhai wa saa 6. Ukiitia kwenye bomba la sindano Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana imebaki nusu, hata kama hujafungua kifuniko. Huwezi kuiweka akiba. Kinachosafirishwa ni mzazi wake, molibdenamu-99, mwenye nusu-uhai wa saa 66, ndani ya chombo kizito kinachoitwa jenereta (tena si ile ya stima). Kila asubuhi wanapitisha maji ya chumvi ndani yake na teknesiamu inatoka. Wataalamu wenyewe duniani wanakiita ng'ombe, na kazi hiyo wanaiita kukamua! Nilipomweleza mjomba alielewa kuliko nilivyoelewa mimi. "Kwa hiyo ukimkamua leo unangoja kesho ajaze?" Ndiyo, mjomba, karibu siku nzima. "Na kila siku anapungua?" Ndiyo. "Basi huyo ni ng'ombe wa kiangazi." Hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kuoza kwa mionzi vizuri hivyo.

Tumfanyie ng'ombe wa kiangazi hesabu. Jumatatu anatoa 100. Ijumaa, saa 96 baadaye, anatoa kama 36. Kama maziwa ya Jumatatu yanatosha wagonjwa 10, ya Ijumaa yanatosha 3. Ndege ikichelewa siku moja, zaidi ya humusi ya ng'ombe imeyeyuka uwanjani kabla hujamwona. Sasa weka ile programu ya nusu, lakini usiitumie kukata muda. Mwache mzee alale dakika 14 zile zile, mpe nusu ya dawa. Ijumaa yako imetoka wagonjwa 3 ikawa 7. Ndege iliyochelewa haiwarudishi watu nyumbani, inapunguza tu idadi. Na kila mgonjwa amepata nusu ya mionzi. Kamera mpya zenyewe zina uwezo unaozidi hapo.

Hiyo ndiyo bidhaa ninayoitaka. Hakuna anayeichapa kwenye tangazo.

Tena msidhani uhaba ni wa Wakenya peke yao. Molibdenamu ya dunia hutoka kwenye vinu vichache vya nyuklia, na vingi ni wazee. Kinu cha Petten, Uholanzi, kilianza kazi 1961. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River huko Kanada kilisimama kwa zaidi ya mwaka, Petten nacho kikafungwa kwa matengenezo mwaka 2010, na hospitali tajiri za Ulaya na Marekani zikaahirisha vipimo. Chalk River kilifungwa kabisa Machi 2018. Oktoba 2024 bomba lililopinda Petten lilichelewesha kuwashwa kwake na uhaba ukarudi. Afrika tunacho SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza 1965, nacho kimewahi kusimama. Mfumo wenye sehemu chache za kushindwa namna hii, ukiuona kwenye kampuni yako ungelia. Mwenye busara anaujengea uwezo wa kuishi na kidogo.

Jambo la pili ni hii siku ya pili ya Eastleigh. Kila mwandishi wa programu anajua kodi ya haraka kuliko zote ni ile isiyoitwa kabisa. Kama picha ya moyo ukiwa kazini ni safi, hakuna pa kupauka pa kulinganisha, na picha ya mapumziko mara nyingi haina cha kuongeza. Si wazo langu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliendesha utafiti mwaka 2013 katika maabara 308 za nchi 65, wagonjwa 7,911, kuangalia nani anafuata mazoea bora ya kupunguza mionzi. Kufanya picha ya kazi peke yake inapowezekana lilikuwa mojawapo ya mazoea manane waliyopima. Lingine lilikuwa hilo hilo la kutumia uwezo wa kamera kupunguza dawa.

Majibu ya mjomba yalisema nini? Moyo ukiwa kazini: mtiririko wa kawaida. Moyo ukiwa umepumzika: mtiririko wa kawaida. Alhamdulillahi, shida yake ilikuwa kwingine na sasa anatibiwa. Lakini nilimwuliza mtaalamu wa kamera kama siku ya pili ilihitajika. Akanijibu kwa upole, "Ndugu yangu, mimi napiga picha. Daktari anazisoma baadaye, zikikusanyika." Basi. Hakuna aliyeiangalia picha ya kwanza kabla ya kutuambia tulale Nairobi. Labda ingekuwa na kivuli cha kiwambo cha tumbo na daktari angetaka ya pili hata hivyo, mimi si daktari. Lakini swali halikuulizwa.

Kwa nini halikuulizwa? Kwa sababu madaktari wa kusoma picha hizi ni wachache sana nchini na wana kazi nyingine mia. Sawa. Lakini picha hizi zina ukubwa gani? Hapa ndipo nilipokaribia kupiga meza. Kivuli kimoja ni nukta 64 kwa 64, baiti 2 kila nukta, yaani baiti 8,192. Vivuli 64 ni nusu megabaiti. Nusu! Hata ukigawa kila pigo la moyo vipande 8 ili uone moyo ukisukuma, ni megabaiti 4. Video ya harusi anayonitumia shangazi kila Jumapili ni kubwa mara kumi. Picha hiyo inaweza kumfikia daktari aliyeko Mombasa, Kisumu au Dar es Salaam kabla mjomba hajafunga vifungo vya shati, ikiwa imefichwa jina na kusimbwa vizuri, na jibu la "mruhusu" au "abaki kesho" likarudi akiwa bado kwenye benchi. Hilo halihitaji kadimiamu wala teluramu. Linahitaji makubaliano kati ya hospitali, seva ndogo, na mtu wa kulipwa kwa kusoma saa hiyo.

Najua mtakachosema kwenye maoni, kwa hiyo nijibu mapema.

"Mgonjwa akilala muda mfupi hatikisiki, picha inatoka safi." Kweli kabisa, na hapa nakubali nimekuwa mkali kupita kiasi. Mjomba aliwahi kuangushwa na ngamia, bega lake la kushoto haliinuki vizuri. Kulala dakika 14 mkono juu ya kichwa kulimtoa jasho kwenye chumba chenye baridi. Kwake yeye dakika 5 zingekuwa rehema. Basi mpe mzee mwenye bega bovu dakika chache, na kijana mpe dawa kidogo. Programu iamue kwa kila mtu. Ninachokataa ni kuchagua dakika kwa wote kwa sababu ndizo zinazopendeza kwenye karatasi.

"Nairobi kuna kamera za kisasa zaidi za positroni, hizo ndizo za kesho." Zipo, na mashine za kuzalisha dawa zake zipo, Aga Khan na pale hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nafurahi. Lakini foleni yake inaanzia stendi ile ile ya matatu.

"Isiolo iletewe yake." Ndugu zangu, kuanzia 2015 serikali ilikodisha vifaa vya hospitali 98 kote nchini kwa mabilioni. Baadhi vilikuta hakuna wataalamu, kwingine hakuna stima au maji ya kutosha, vikakaa kwenye masanduku yake. Seneti ilichunguza na mwaka 2020 ikatoa ripoti kali sana. Vilivyowashwa vimesaidia watu na sisemi vinginevyo. Lakini kamera ya nyuklia hapa ingehitaji ng'ombe wake kila wiki, chumba chenye leseni ya mionzi, mwanafizikia, na msomaji. Bila hivyo ni kabati ghali. Anza na vitu vinavyokula siku, ndipo uje kwenye vinavyokula dakika.

Kwa sababu katika zile siku 29, wiki nzima ililiwa na ndege ambayo hakuna aliyetupigia simu kutuambia imechelewa. Wiki nyingine ililiwa na vikombe viwili vya chai. Siku tisa zililiwa na picha ya nusu megabaiti ikingoja macho.

Kwa hiyo nimeandika programu ndogo. Haina akili bandia, msiniulize. Inachukua orodha ya miadi na kutuma ujumbe wa simu mara tatu: siku mbili kabla, kuuliza kama mgonjwa anakuja, siku moja kabla, kumwambia asinywe nini, na jioni ya mwisho, mara karani anapobonyeza kitufe kwamba dawa imefika, kumwambia apande gari. Asipobonyeza, mgonjwa anaambiwa abaki nyumbani. Niliipeleka kwa ile hospitali nisiyoitaja. Wamenishukuru kwa barua pepe na kusema italetwa mbele ya kamati.

Mjomba ndiye aliyeijaribu. Nilikuwa nimeandika, "Usitumie kafeini kwa saa 24." Akasoma, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo inauzwa duka gani?" Sasa inasema: "Usinywe chai ya aina yoyote, ya rangi wala ya maziwa, hata ya maziwa ya ngamia. Usinywe kahawa wala soda ya kola. Maji ni sawa." Ipo kwa Kiswahili, Kiborana na Kisomali. Ya Kiturkana bado; jirani aliyeahidi kunitafsiria yuko safarini Lodwar, akirudi nitaiongeza.